Mtungi Nyuma ya Chumba cha Baridi

Nyumbani kwa kina Kathini, hakuna tone la maji lililoachwa lianguke bure. Maji ya mabati yaliingia kwenye pipa. Maji ya kuosha vyombo yalipewa mpapai. Maji ya kuoga yalikwenda kwa sukuma wiki, na mtu akinawa mikono mahali pasipo beseni, baba yake Kathini alimwuliza, "Kwani wewe umetoka nchi gani?"

Kathini alikuwa katika Gredi ya Sita. Kila asubuhi ya likizo ya Desemba aliokota maembe yaliyoanguka usiku, kisha ndipo akawafungulia mbuzi. Ukiwafungulia mbuzi kwanza, huna embe. Baba yake, Mbaluka, alimwita "mwaitu", yaani mama yangu kwa Kikamba, kwa sababu Kathini ni jina la mama yake Mbaluka.

Mama yake Kathini mwenyewe alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Dawa yake ya ugonjwa wa sukari ilitaka kukaa mahali pa baridi, na friji ya zahanati ilikuwa imekufa zamani. Ukimwuliza muuguzi, alisema si yeye, ni ofisi. Ofisi ilisema si yenyewe, ni ofisi nyingine. Basi mama aliiweka dawa ndani ya chungu, chungu ndani ya mchanga, na mchanga akaumwagia maji asubuhi na jioni. Lakini jua la Kalamba ni jua.

"Wakubwa ni watu wa ajabu," Mbaluka alipenda kusema. "Kukata utepe wanajua. Kuunganisha waya hawajui."

Alisema hivyo kila alipopita karibu na chumba cha baridi hapo sokoni Kalamba. Chumba hicho kilijengwa ili kuhifadhi maembe ya wakulima. Kuta zake zilikuwa nene na mlango wake mzito kama wa benki. Wakubwa walikuja na magari saba, wakakata utepe, wakala mbuzi, wakaenda. Mashine ya baridi haikuletwa. Kwa miaka minne chumba kilihifadhi viti vya harusi, na maembe yakaendelea kuozea chini ya miti, kwa sababu mnunuzi wa Nairobi alikuja siku aliyotaka yeye, si siku maembe yalipokomaa.

Mwaka huu wakulima walichoka kungoja. Waliuza mbuzi, wakaungana, wakanunua mashine wenyewe. Siku fundi alipofika, soko zima lilijua kabla hajazima gari.

"Kathini! Kathini, kuja uone!" Rafiki yake, Nzisa, alifika mbio huku kiatu kimoja amekishika mkononi. "Fundi ni mwanamke!"

"Nani amekuambia?"

"Macho yangu! Tena amevaa buti kama za polisi!"

Walikimbia. Ilikuwa kweli. Fundi aliitwa Abdiya, mzaliwa wa Garissa, na karakana yake ilikuwa Mtito Andei, ambako alitengeneza friji za hoteli na za mabucha ya barabarani. Alikuwa amefunga ushungi wake vizuri ndani ya kola ya ovaroli. Nyuma ya gari lake kulikuwa na mashine mbili zilizofungwa kwa nailoni, na sanduku jekundu la vyuma ambalo wanaume wawili walilibeba kwa shida.

"Hiyo ni mizigo ama ni duka?" Mama Wayua, muuza ndizi, aliuliza.

"Hilo ni shamba langu, mama," Abdiya alijibu. "Nyinyi mna miembe, mimi nina spana."

Watu walicheka, na kuanzia hapo walimpenda. Mwenyekiti wa chama cha wakulima, mzee Nyamai, hakucheka. Alikuwa akipiga picha zake mwenyewe akiwa amesimama mbele ya mashine.

Kathini hakuondoka pale mchana kutwa. Aliona mashine ya ndani ikiinuliwa na kufungwa darini kwa boliti nne. Ilikuwa na feni mbili kubwa kama masinia ya harusi. Mashine ya nje iliwekwa juu ya jukwaa la saruji. Kati ya hizo mbili Abdiya alipitisha mabomba ya shaba, akayaunganisha kwa moto wa buluu uliovuma mpaka shaba ikawa nyekundu kama kaa. Halafu akapaka povu la sabuni kila kiungo.

"Sasa unaiogesha?" Kathini aliuliza.

"Naitafuta mahali inapopumua. Povu likitoa kiputo, hapo pana tundu. Tazama wewe, una macho mapya."

Kathini alitazama kila kiungo bila kupepesa. Hakuna kiputo. Abdiya akanyonya hewa yote kwa pampu, akaingiza gesi, kisha akasimama kando ya swichi. Watu walijaa mlangoni wakisukumana.

"Tuombe kwanza," mtu mmoja alisema. Wakaomba. Ombi lilikuwa refu, hata Nzisa akafungua jicho moja kuangalia kama swichi bado ipo.

Abdiya akabonyeza.

Feni ziliguna, zikazunguka, zikashika mwendo. Upepo ukatoka. Mwanzo ulikuwa upepo wa kawaida tu, kisha ukabadilika, na Kathini akahisi vipele vikimtoka mikononi.

"Ni baridi!" alipiga kelele. "Asi! Ni baridi ya kweli!"

Juu ya mlango palikuwa na kioo kidogo chenye tarakimu nyekundu. Ilisema thelathini na moja. Ikasema thelathini. Watoto wakaanza kuhesabu pamoja kila tarakimu iliposhuka, kama watu wanaongoja goli. "Ishirini na tano! Ishirini na nne!" Mama Wayua alivua leso akajifunika mabega, akacheza hatua mbili pale pale. Ilipofika kumi na tatu, mashine ikatulia, na shangwe zikapaa hadi barabarani.

"Kwa nini imesimama?" mwenyekiti aliuliza. "Weka sifuri! Tumelipia baridi yote."

"Mzee, maembe si nyama," Abdiya alisema. "Ukiyapeleka chini sana yanaungua kwa baridi, ngozi inakuwa nyeusi. Kumi na tatu inatosha."

Watu walicheka kwa adabu, wakiangalia chini.

Kabla ya kwenda kupumzika, Abdiya aliwakusanya wote. "Mambo mawili," alisema. "La kwanza, katoni zisipangwe chini ya mashine wala karibu na feni. Acheni nafasi upepo utembee." Mwenyekiti alikuwa akitazama simu. "La pili, njooni huku nyuma."

Nyuma ya chumba, bomba la plastiki lilitokeza ukutani. Maji safi yalikuwa yakidondoka kutoka humo. Abdiya alieleza kwamba hewa ina maji ndani yake. Ikigusa mabomba ya baridi, maji hayo hutoka kama jasho la chupa ya soda. Huangukia kwenye sinia la bati chini ya mashine, kisha hutoka nje kwa bomba hilo.

"Bomba hili likae wazi," alisema. "Lisizibwe. Mmenisikia?"

"Tumesikia," walijibu. Kathini alijibu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Watu wakaenda kuleta maembe. Kathini alibaki akitazama. Tone, tone, tone, yote yakiingia vumbini. Ilikuwa Desemba ambayo mvua ilikuwa imekuja siku tatu tu ikaondoka. Kila tone lilimchoma kana kwamba linaanguka kutoka kwenye mtungi wa kwao. "Huyu fundi hajui huku," alijiambia. "Huku maji hayamwagwi."

Alikimbia nyumbani akaleta mtungi wa lita ishirini. Aliingiza bomba mdomoni mwa mtungi na moyo wake ukatulia. Lakini nyuki walikuwa tayari wamenusa maji, maana wakati wa ukame nyuki wa Kalamba hawakosi mkutano wowote wa maji. Walianza kuzunguka mdomo wa mtungi, wawili, watano, kumi. Kathini akachukua ukanda wa tyubu ya baiskeli, akauzungusha pale bomba lilipoingia, akakaza, akakaza tena, mpaka hata sisimizi asingepita.

Nzisa alimwona. "Fundi si amesema lisizibwe?"

"Kwani nimeziba? Nimekinga."

Akaenda zake kumsaidia baba kubeba maembe. Alikuwa na furaha mbili: ya baridi, na ya maji. Jioni hiyo katoni zilijazwa na kupangwa. Zilipofika karibu na feni, kijana mmoja aliuliza kama waache nafasi. "Nafasi ni ya maembe, si ya upepo," mwenyekiti alisema. "Panga mpaka juu." Wakapanga mpaka juu.

Asubuhi, Kathini na baba yake walikwenda sokoni mapema. Lori la mnunuzi lilitarajiwa saa sita. Walipokaribia walisikia kelele, na hazikuwa kelele za jana.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Maji yalikuwa sakafuni. Katoni zilizokuwa chini ya mashine zilikuwa zimelowa na kubonyea, na feni zilikuwa zimerusha maji hata kwenye katoni za mbali. Mlinzi wa usiku alikuwa ameogopa, akazima swichi. Tarakimu nyekundu ilisema ishirini na mbili.

"Umetuwekea mashine mbovu!" mwenyekiti alimfokea Abdiya. "Mashine ya kunyesha! Nimengoja mvua mwezi mzima, kumbe ingenyesha ndani ya maembe yangu!"

"Mzee, sinia limejaa. Maji hayatoki," Abdiya alisema. Sauti yake ilikuwa ya utulivu, lakini mikono yake ilikuwa ikitafuta kitu cha kushika. "Niruhusu nizunguke nyuma nitazame bomba."

"Hugusi kitu tena! Sanduku lako nimelifungia dukani kwangu, na halitoki. Na sasa hivi naandika kwa wenyeviti wa vyama vyote, Makueni na Kitui, wasikupe kazi hata ya kubadilisha balbu."

"Bila sanduku hilo sina kazi, mzee. Nina watoto."

"Ungewakumbuka jana."

Kathini alikumbuka mtungi. Bomba. Maji hayatoki. Alirudi nyuma polepole, akazunguka chumba mbio. Mtungi ulikuwa pale pale, tyubu imekazwa vizuri. Aliutikisa. Ulikuwa mwepesi! Usiku mzima, na ndani hamkuwa na zaidi ya vikombe vitatu.

Nzisa alikuwa amemfuata. "Fungua haraka," alinong'ona. "Maji yatatoka, tutupe mtungi kwenye kichaka, mashine itapona. Nani atajua?"

Kathini alishika fundo. Nzisa alisema kweli. Akilifungua, maembe yangepona na hakuna ambaye angejua. Hata baba. Kisha akasikia sauti ya mwenyekiti kutoka upande wa pili, akisoma kwa nguvu alichokuwa akiandika: "Fundi huyu... asiajiriwe... popote."

Maembe yangepona. Jina la fundi lisingepona. Na huu mtungi, vile ulivyofungwa, ndio ulikuwa shahidi wake wa pekee.

Aliachilia fundo.

"Wewe!" Nzisa alisema. "Utapigwa!"

"Nipigwe."

Alirudi mbele akapenya katikati ya watu. Akajishika kwenye fremu ya mlango.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyesikia. Mwenyekiti alikuwa bado anafoka.

"Ni mimi!" Safari hii alipiga kelele. "Bomba nimeliziba mimi! Fundi alisema tusizibe, nikasikia, nikafunga mtungi. Nilitaka maji. Njooni muone, sijagusa kitu."

Kisha wote wakazunguka nyuma, Abdiya mbele. Aliinama, akatazama mtungi, akatazama ukanda wa tyubu. Kwanza alifumba macho. Halafu, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, akaanza kucheka.

"Umefunga kama mtu anayefunga tairi la lori! Ulikuwa unamzuia nani?"

"Nyuki," Kathini alisema, machozi yakimtoka.

"Basi umezuia nyuki, na hewa pia. Mtungi mtupu si mtupu, una hewa. Hewa ikikosa pa kutokea, maji hayana pa kuingilia. Yamerudi juu kwenye sinia. Tazameni."

Alikata tyubu kwa kisu cha Mama Wayua. Psss! Hewa ikatoka, na maji ya usiku mzima yakaja kwa nguvu, yakaruka, yakamlowesha viatu mwenyekiti.

"Watoto wa siku hizi!" mwenyekiti alifoka. "Mbaluka, huyu mtoto wako ametuharibia! Mbona humfundishi?"

Mbaluka alisogea akasimama kando ya binti yake. Hakuwa mtu wa kubembeleza, lakini aliweka mkono juu ya bega lake.

"Nimemfundisha, mwenyekiti. Nimemfundisha asiache tone lianguke. Kwa hiyo nusu ya kosa ni yangu, naikubali mbele ya watu. Nusu yake atailipa kwa kazi, maana aliambiwa na akasikia." Akawatazama watu. "Sasa limebaki swali dogo. Katoni zilizolowa ni zile za chini ya mashine. Ni nani aliyesema zipangwe mpaka juu?"

Mlinzi alikohoa. Kijana aliyepanga katoni alitazama mawingu, ingawa hayakuwako. Watu wote walimgeukia mwenyekiti, na mwenyekiti akaitazama simu yake kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri kupigiwa.

"Nenda dukani," hatimaye alimwambia mlinzi. "Lete lile sanduku la fundi."

Alifuta alichokuwa ameandika.

Baada ya hapo hapakuwa na muda wa kulaumiana. Sinia lilikauka, Abdiya akakagua nyaya, akafuta feni, akabonyeza swichi. Feni zikaguna tena! Kina mama walifungua katoni zilizolowa, wakafuta embe moja moja kwa leso kavu. Hakuna hata moja lililokuwa limeoza. Kathini alifuta mpaka vidole vikakunjamana. Mbaluka na vijana walileta katoni mpya, wakaacha nafasi ya mkono mzima kati ya katoni na feni.

"Kumi na nane!" Nzisa alipiga kelele kutoka mlangoni. "Kumi na saba!"

Watoto wakarudi kuhesabu. Lori, kama kawaida ya malori, halikufika saa sita. Lilifika saa tisa, na lilikuta tarakimu nyekundu ikisema kumi na tatu. Mnunuzi alifungua katoni tatu alizochagua mwenyewe, akashika embe, akaliweka shavuni.

"Limelala kwa hoteli hili," alisema, akaanza kupakia. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyemsihi.

Kabla ya kuondoka, Abdiya alimwita Kathini nyuma ya chumba. Alikunja bomba kidogo, akalikata, akalifanya liishie juu ya mtungi kwa upana wa kiganja. Juu ya mdomo wa mtungi akafunga kipande cha neti ya mbu.

"Maji yanaingia, hewa inatoka, nyuki wanakaa na kiu," alisema. "Si ya kunywa, mwagilia miche. Jana nilisema lisizibwe, sikusema kwa nini. Na wewe hukuuliza. Siku nyingine uniulize, sawa?"

"Sawa, fundi. Nisamehe."

"Nilikusamehe uliposhika ule mlango. Kuna wafanyakazi nimewahi kuwaandika kazi, wakubwa wenye ndevu, wangefungua tyubu wakanyamaza."

Jioni, Kathini na baba yake walibeba maji ya kwanza ya mashine kwenda nyumbani. Walipofika kwenye kona ya kanisa, Mbaluka akapunguza mwendo.

"Mwaitu," alisema, "utafagia chumba kile kila asubuhi mpaka shule ifunguliwe. Umesikia?"

"Ndiyo, baba."

"Unajua kwa nini? Si kwa sababu ya mtungi. Ni kwa sababu uliambiwa jambo, ukalibandika jina lingine ili ulifanye. Kuziba ukakuita kukinga. Hivyo ndivyo mtu anavyoanza kujidanganya mwenyewe, halafu anadanganya wengine." Alihamisha mtungi bega la pili. "Lakini lile neno la pili, 'ni mimi'. Nimezunguka ofisi nyingi tangu mama yako aondoke, nikiuliza habari ya friji ile. Kila mlango nimeambiwa si mimi, si mimi. Nikafikiri neno lenyewe limetoweka duniani. Leo nimelisikia, tena nyumbani kwangu. Sema ukweli mapema, wakati kosa bado linaweza kutengenezwa. Ukichelewa, watu wanaumia wakingoja mtu wa kusema."

Walipofika zahanati walikuta gari la Abdiya limeegeshwa hapo. Sanduku jekundu lilikuwa wazi sakafuni, na nusu ya mwili wa fundi ilikuwa imepotelea nyuma ya ile friji ya zamani.

"Nilisikia habari yake sokoni," sauti yake ilitoka huko nyuma. "Haijafa. Imekosa kifaa kimoja, na ninacho. Kathini, nipe spana ndogo."

Kathini alikimbilia sanduku. Kwa haraka yake alivuta spana mbili. Moja ikaanguka kwenye saruji kwa kishindo kilichomfanya muuguzi aliyekuwa chumba cha pili aruke.

"Nani huyo anaangusha vitu?" muuguzi aliita kwa ukali.

"Ni mimi!" Kathini alijibu pale pale.

Na Mbaluka, ambaye watu wa Kalamba walikuwa wamesahau kicheko chake, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alikuwa bado anacheka friji ilipoanza kunguruma.